Sikio halina piesi ya kubadilisha



Kila baraza kuu linapokaa, karani anasoma matumizi ya mashini ya bunga: mazutu, oli, mkanda, nyundo, chujio, posho ya mashinisti. Wanamemba wanauliza maswali makali. Kwa nini mikanda miwili katika mwaka mmoja? Oli ile ilinunuliwa kwa nani? Ni vizuri kuuliza, kwa sababu feza ni ya wote. Lakini katika orodha ile kuna kitu kimoja ambacho sisi maagronomu hatukikuti katika koperative nyingi tunazotembelea, hapa Dilala na vijiji vya pembeni: kinga ya masikio ya yule anayesimama pale karibu na moteri kutoka asubuhi mpaka jioni.

Wazo letu ni hili. Kinga ya masikio iandikwe katika matumizi ya mashini, sawa na mkanda na oli, na inunuliwe kwa pesa inayotoka ku mashini yenyewe. Na siku ya kuchagua, tusikimbilie ile yenye namba kubwa. Tuchague ile ambayo mtu ataivaa tangu moteri inawaka mpaka inazimwa.

Kuna wenye kusema hili ni jambo la wazungu, ama la kampuni za migodi. Tunaomba wasome mpaka mwisho, kisha tuchambue pamoja.

Makelele gani yanaharibu?

Makelele yanapimwa kwa desibeli. Namba hii inadanganya macho, kwa maana haipandi kama kilo kwenye mizani. Ukiongeza desibeli 3 tu, nguvu ya makelele inakuwa mara mbili. Ndiyo maana taasisi ya Marekani inayochunguza afya kazini, NIOSH, imeweka hesabu hii: kwa desibeli 85, mtu anaweza kukaa saa 8 kwa siku. Kwa 88 ni saa 4. Kwa 91 ni saa 2. Kwa 94 ni saa 1. Kwa 97 ni nusu saa, na kwa 100 ni dakika 15 tu. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zinamlazimisha mwajiri kuchukua hatua makelele yakifika 85.

Mashini ya nyundo yenye moteri ya mazutu, ndani ya nyumba ya mabati na matofali, si ajabu kupita desibeli 90 pale anaposimama mashinisti. Tuseme ni 94. Akiwasha saa mbili asubuhi, saa tatu kamili sehemu yake ya siku nzima imekwisha. Na wakati wa kiangazi, mahindi yanapokauka na kila mama anakuja na beseni lake, mashini haizimwi saa tatu. Inazimwa jua likishuka.

Huko Ghana, watafiti walipima makelele katika viwanda vya mbao, vya uchapaji na katika mashini za kusaga mahindi, wakatangaza matokeo mwaka 2004. Watu wa mashini za mahindi walikuwa kati ya walioumia masikio zaidi, kuwapita wale wa uchapaji. Mashini zile ni ndugu za hizi zetu.

Kama hamna chombo cha kupimia, kuna njia rahisi. Simameni watu wawili, kati yenu mkono mmoja ulionyooshwa. Kama mmoja lazima apaze sauti sana ndipo mwenzake ashike maneno, basi makelele ya pale yamefika kiasi cha kuharibu. Simu za kisasa nazo zina programu za kupimia. Haziko sawasawa kabisa, lakini zinatosha kuonyesha kama mko 75 ama mko 95.

Ndani ya sikio

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kilichojikunja kama konokono. Mle mna seli ndogo zenye vinywele, karibu 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia, vinywele vinatikisika, na seli zinapeleka habari kwenye ubongo. Fikirini shamba la mpunga na upepo. Upepo wa kiasi unapita, mpunga unainama na kusimama tena. Upepo wa nguvu ukipiga kila siku, mpunga unalala chini na hausimami. Tofauti ni kwamba mpunga tunaweza kuupanda upya mwaka unaofuata. Seli hizi kwa binadamu hazioti tena. Hakuna dawa ya farmasi, hakuna sindano, hakuna mganga wa kuzirudisha. Kuna vyombo vya kusaidia kusikia, lakini bei yake inajulikana, na havirudishi sikio kama lilivyokuwa.

Uharibifu huu hauumi. Hakuna damu, hakuna usaha. Mara ya kwanza masikio yanalia usiku kama panzi, asubuhi inapita. Mtu anasema, "Nilishazobelea." Tuseme wazi: sikio halizobelei makelele. Ukiona makelele yaleyale ya mwaka jana leo hayakusumbui, yawezekana mashini haikupungua sauti; kilichopungua ni sikio lako.

Na sauti zinazokufa kwanza ni zile nyembamba, za juu. Katika maneno yetu, ndizo zinazobeba herufi kama s, t, f na sh. Zile a, i, u, o ni nzito, zinabaki. Ndiyo maana mtu aliyeharibika masikio anasema, "Ninasikia unasema, lakini sishiki maneno." Chukueni maneno mawili ya sokoni: sita na tisa. Yote mawili yana i, kisha a. Kinachotofautisha ni s na t tu, zimebadilishana nafasi. Mama anasema ameleta kilo sita, mashinisti anaandika tisa. Mama anafikiri anaibiwa. Mashinisti anafikiri mama amegeuka. Ugomvi unafika mbele ya komite, mtu anaitwa mwizi, na hakuna anayejua kwamba mwizi wa kweli ni moteri.

Kwa hiyo hili si jambo la afya ya mtu mmoja tu. Ni jambo la mizani, la daftari, na la kuaminiana. Koperative inasimama juu ya kuaminiana.

Kwanza punguza makelele yenyewe

Kabla ya kununua kitu cha kuvaa, kuna kazi tatu ambazo gharama yake ni ndogo.

Ya kwanza ni moteri. Bomba la moshi lililotoboka, silansie iliyong'olewa, bulonzi zilizolegea chini ya mashini, mkanda unaopiga pembeni, nyundo zilizoliwa upande mmoja: kila kimoja kinaongeza makelele, na kila kimoja kinakula mazutu vilevile. Mashini inayopiga kelele mpya inaomba matengenezo.

Ya pili ni umbali. Mahali pa wazi, ukienda mbali mara mbili, makelele yanashuka kwa desibeli kama 6. Mamama wanaongoja na watoto mgongoni wasipange foleni mlangoni mwa mashini. Wapewe banda upande wa pili, hatua ishirini ama thelathini, na waitwe kwa namba. Mtoto wa miezi sita hawezi kusema "masikio yananiuma", wala hawezi kuziba masikio yake mwenyewe.

Ya tatu ni kizuizi. Wenye bustani za mboga kando ya mito wana motopompi. Hapa hamhitaji hata kununua kinga. Pampu iwekwe karibu na maji, kwa kuwa haiwezi kuvuta maji kutoka chini sana, lakini bomba la kusukuma liwe refu, na watu wafanye kazi mbali. Vichuguu vyetu hivi vikubwa vya Lualaba ni ukuta wa bure: moteri ikiwa upande mmoja wa kichuguu na watu upande wa pili, tofauti mtaisikia wenyewe siku hiyohiyo.

Lakini mashinisti hawezi kwenda mbali. Yeye kazi yake iko palepale. Huyo ndiye wa kununuliwa kinga.

Aina tatu, na ipi ya nani

Madukani kuna aina tatu.

Aina ya kwanza ni vizibo vya povu, vile vidogo laini vya rangi ya manjano ama ya machungwa. Ni bei rahisi, na namba yake kwenye karatasi ni kubwa. Lakini vinataka ufundi: unakivingirisha na vidole mpaka kiwe chembamba, unapitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa na kuvuta sikio juu, unakiingiza, unakishika na kidole mpaka kijae, nusu dakika hivi. Kikibaki nje nusu, hakifanyi kitu. Na vinataka mikono safi. Mashinisti ana oli kwenye vidole na bunga mpaka kwenye nyusi. Akiingiza na kutoa mara kumi kwa siku, atapeleka uchafu ndani ya sikio. Tena povu haifuliwi, ikichafuka inatupwa.

Aina ya pili ni vizibo vya mpira laini, vyenye ngazi mbili ama tatu kama mti mdogo, mara nyingi vimefungwa na kamba ya kuning'inia shingoni. Vinaoshwa na maji na sabuni, vinadumu miezi mingi. Vinataka kipimo cha sikio, kwa kuwa masikio hayalingani. Ni vizuri kwa mtu anayelima na trakta ama anayefanya kazi ndefu bila kuvua.

Aina ya tatu ni kaske ya masikio, yenye vikombe viwili na upinde wa juu. Bei yake iko juu kuliko vizibo, lakini inavaliwa na kuvuliwa kwa mkono mmoja, hata wenye oli, na kila mtu anaona kwa mbali kama umevaa ama hukuvaa. Ubaya wake ni joto na jasho. Tena mito yake, ile sehemu laini inayogusa kichwa, lazima ishike ngozi pande zote. Fulari chini yake, mkono wa miwani, ama nywele nyingi zilizosukwa vinaacha mlango, na makelele yanaingia pale. Anayefunga fulari aifunge juu ya kaske ama nyuma ya masikio.

Kwa mashini ya bunga, sisi tunapendekeza kaske. Kwa wale wanaokata miti na msumeno wa moteri, kaske pia, ile iliyounganishwa na kofia ngumu na wavu wa macho, kwa maana msumeno ule unapita desibeli 100. Vizibo vya mpira viwe vya akiba, ama kwa anayeshindwa na joto.

Sasa tuje kwenye namba. Kwenye karatasi ya kinga mtaona SNR kwa vitu vya Ulaya, ama NRR kwa vitu vya Marekani. Ni desibeli ambazo kinga inapunguza ndani ya maabara. Msilinganishe SNR na NRR, kwa sababu hesabu yake si moja. Na namba ya maabara si namba ya kijijini. NIOSH wenyewe wanashauri kutoa robo ya namba kwa kaske, na nusu nzima kwa vizibo vya povu, kwa kuwa watu wengi hawavivai sawasawa.

Lakini hesabu iliyo muhimu kuliko zote ni ya muda. Chukueni kinga ya desibeli 30. Mtu akiivaa saa 8 zote, anapata 30. Akiivua nusu saa tu katika saa zile 8, kwa kujibu simu, kwa kusalimia, kwa kupumzisha masikio huku moteri ikiwaka, faida ya siku nzima inashuka mpaka 12 hivi. Nusu saa moja inakula zaidi ya nusu ya kazi. Kumbe kinga ya desibeli 20 tu, iliyovaliwa muda wote, inamshinda yule wa 30 anayevua-vaa. Kwa mashini ya desibeli 95, kinga inayopunguza 20 kweli inaacha 75 sikioni, na hiyo inatosha kabisa. Ukizidisha, mtu anajisikia kama amefungiwa ndani ya pipa, haitiki anapoitwa, mwishowe anaivua.

Ndiyo maana tunasema: mashinisti mwenyewe ajaribu kabla ya kununua. Aivae robo saa dukani. Ikibana kichwa, itabaki kwenye msumari ukutani. Atazame kama kuna namba SNR ama NRR na maandishi EN 352, ambayo ni kipimo cha Ulaya kwa kinga za masikio. Kitu kisicho na namba yoyote ni pambo. Na kaske za mitumba zinazotoka migodini, mziguse mito yake kwanza: kama imekauka, imepasuka ama ni migumu kama ngozi ya ngoma, hazifai tena, hata kama rangi inang'aa.

Wenye bunduki

Kati ya wanamemba wetu kuna wawindaji, na kuna wanaolinda mahindi usiku dhidi ya nguruwe-pori na nyani. Uwindaji nchini una sheria yake ya tarehe 28 Mei 1982, na silaha lazima iwe na karatasi. Hilo wanalijua. Hapa tunazungumza masikio tu.

Bunduki ni jambo tofauti na mashini. Mashini inakula sikio polepole, kwa miaka. Risasi inaweza kulivunja kwa mpigo mmoja. Bunduki ya kalibri 12 inapita desibeli 150, na kiwango ambacho mpigo wa ghafla haupaswi kupita ni 140. Bunduki za kienyeji za baruti si afadhali. Hata mwenye kuitengeneza hawezi kujua mpigo wake utakuwa na nguvu gani. Kwa anayepiga na bega la kuume, sikio la kushoto ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu liko karibu na mdomo wa bunduki, na la kuume linafichwa na kichwa.

Wapiga shabaha wa michezo katika nchi nyingine wanavaa vyote viwili pamoja: vizibo ndani, kaske juu. Si kwamba namba zinajumlishwa; kile cha pili kinaongeza desibeli kama 5 juu ya kile chenye nguvu zaidi. Lakini kwa risasi, 5 hizo zina maana. Mwindaji atasema, "Nikiziba masikio nitamsikiaje mnyama?" Ana haki. Kwa ajili yake kuna vizibo vyenye tundu dogo sana ndani, vinavyopitisha sauti ndogo na kuzuia mpigo mkubwa, bila betri. Kuna pia kaske za umeme zinazokuza sauti ndogo na kujifunga risasi inapolia. Hizi ni ghali na zinataka betri. Kwa mtu wetu wa kawaida, vizibo vya tundu vinatosha. Na anayeandamana naye, mara nyingi kijana wa kubeba mizigo, asisimame pembeni ya mdomo wa bunduki. Akae nyuma, na yeye avae vyake.

Vitu ambavyo si kinga

Pamba ya kawaida inapunguza desibeli chache tu. Inamfariji mtu, haimlindi. Karatasi na kitambaa ni hivyohivyo. Ganda la risasi sikioni ni hatari, linaweza kubaki ndani na kuchana ngozi. Na ekuteri za simu ndizo mbaya kupita zote: kijana anaweka muziki ili asisikie moteri, na ili muziki uishinde moteri lazima upande juu zaidi. Hapo anakula sahani mbili kwa wakati mmoja.

Neno moja pia kwa wagonjwa: dawa kama kinini na sindano za gentamisini zinaweza kugusa masikio. Anayetibiwa nazo amweleze muuguzi kwamba anafanya kazi ya makelele, na kama inawezekana mwenzake amsaidie ku mashini siku zile.

Majibu kwa wenye mashaka

Mashinisti wazee wanatuambia: "Mimi naisikiliza mashini. Nikiziba, nitajuaje kama imekabwa na mahindi?" Ni swali la fundi, si la mvivu. Jibu ni kwamba kinga haifuti sauti yote. Inakata zaidi zile nyembamba, na inaacha sehemu kubwa ya zile nzito, na sauti ya moteri inayolemewa ni nzito. Siku za kwanza atajisikia mgeni. Baada ya wiki moja ama mbili atakuwa ameshajua sauti mpya ya mashini yake. Kinachokuwa kigumu kweli ni kusikia watu. Kwa hilo tuweke ubao na chaki: kilo zinaandikwa, mwenye mahindi anaona, mashinisti anaona. Ubao huohuo unamaliza ugomvi wa sita na tisa.

Wengine wanasema pesa hakuna. Tunaheshimu neno hilo, kwa maana tunajua bei ya mazutu. Lakini mkanda ukikatika, pesa inapatikana siku ileile, kwa sababu bila mkanda mashini inasimama. Sikio likikatika mashini haisimami, inaendelea kusaga, na ndiyo maana hatuoni hasara. Hasara inabebwa na mtu mmoja na familia yake: mke anayepaza sauti kila jioni, mtoto anayeacha kumsimulia baba habari za shule kwa kuchoka kurudia, na mikutano ambayo anakaa nyuma akiitika kwa kichwa bila kushika neno.

Na wengine wanatuuliza kwa nini shirika letu lisigawe kaske za bure. Hapa tutasema wazi, hata kama itawaudhi wengine. Kitu cha bure kinafika mara moja. Mito ikikauka, mnangoja mradi mwingine, na mradi mwingine unaweza kuja na mbegu, si na kaske. Kazi yetu ni kuja na chombo cha kupimia, kufundisha namna ya kuvaa, na kusaidia kuchagua. Kununua na kubadilisha, hiyo ni kazi ya mashini, kwa kuwa mashini ndiyo inayoharibu na mashini ndiyo inayoingiza pesa.

Kolwezi ni mji wa shaba na kobalti. Tangu wakati wa Union Minière, baadaye Gécamines, mpaka kampuni za leo, watu wetu wanajua moteri ni nini. Leo kijana anayeingia penye mitambo ya mgodi mkubwa anadaiwa kofia, viatu na kinga ya masikio. Jumamosi anamsindikiza mama yake kusaga, anamkuta mjomba wake pale ku mashini, masikio wazi. Je, sikio la mjomba lina thamani ndogo kwa sababu anasaga bunga la bukari badala ya kuchimba kobalti? Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina sehemu nzima juu ya afya na usalama kazini. Haisemi kwamba usalama ni wa migodi tu. Na koperative inayomlipa mtu posho ya kila mwezi isijifiche nyuma ya neno "sisi ni wadogo".

Tunachoomba baraza liamue

Kabla msimu wa kusaga haujapamba moto, tunaomba kila koperative yenye mashini iweke mambo haya mezani:

1. Mstari mpya katika matumizi ya mashini: kaske moja kwa kila mashinisti na kwa kila msaidizi. Kila mtu na yake, haziazimwi.
2. Pesa kidogo ya akiba kwa ajili ya mito mipya, ama kaske mpya mito ikikauka.
3. Sheria moja fupi, iandikwe mlangoni: moteri inawaka, kaske iko kichwani. Anayetaka kuvua atoke nje kwanza.
4. Banda la kungojea mbali na mlango, na ubao wa kuandikia kilo.
5. Mwanakomite mmoja wa kuangalia bomba la moshi na bulonzi kila mwezi, na kuangalia mito ya kaske siku hiyohiyo.

Watakaopinga wapinge kwa hoja, ndivyo baraza linavyofanya kazi. Sisi tunaomba tu kwamba katika mkutano ule mashinisti mwenyewe apewe nafasi ya mbele, karibu na mwenyekiti, na aulizwe maswali mawili kwa sauti ya kawaida: usiku masikio yako yanalia? Na mara ya mwisho kusikia kriketi wakiimba nyuma ya nyumba ilikuwa lini?

Akiomba mrudie swali, mtakuwa mmeshapata jibu.